Mgeni na Jembe: Viza ya Daktari wa Kigeni Marekani, 1946 hadi Leo

Mwezi Agosti 1946 Rais Harry Truman alitia saini sheria mbili zilizopishana kwa siku 12. Ya kwanza, ya tarehe 1, ilikuwa wazo la seneta wa Arkansas, J. William Fulbright: mali za vita ambazo jeshi la Marekani liliziacha ng'ambo ziuzwe, na sehemu ya fedha zake igharimie wanafunzi na wasomi watakaobadilishana baina ya nchi. Ya pili, ya tarehe 13, inajulikana kwa majina ya maseneta Hill na Burton, nayo ilitoa fedha za serikali kuu za kujenga hospitali katika majimbo. Moja ilikuwa ya diplomasia, nyingine ya saruji na vitanda, na hazikuandikwa ziwe ndugu. Hata hivyo, daktari anayepanga foleni leo kwenye ubalozi wa Marekani, Nairobi, akiomba viza ya J-1 ili akasomee ubingwa, ni mtoto wa sheria hizo mbili. Amerithi tabia za pande zote, na ndiyo maana karatasi zake zinasema jambo moja na kazi yake inasema jingine.

Uhaba wa madaktari uliozaa ndoa hiyo ulianza zamani zaidi. Mwaka 1910 mwalimu Abraham Flexner alichapisha ripoti juu ya vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vingi alivikuta havina maabara, havina hospitali ya kufundishia, vimefunguliwa kwa ajili ya karo tu. Ripoti ile ilisafisha taaluma, hilo halina ubishi; lakini katika miaka kama 15 hivi iliyofuata idadi ya vyuo ilipungua karibu kwa nusu, na kati ya vyuo 7 vya Wamarekani Weusi vilivyokuwapo wakati huo vilisalia 2, Howard na Meharry. Mlango wa kuingilia udaktari ukawa mwembamba. Vijiji na mitaa ya maskini, ambayo hapo kabla ilitibiwa na wahitimu wa vyuo vile dhaifu, ikabaki na pengo ambalo halikuzibwa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, watu wengi walikuwa wamepata bima ya afya makazini, fedha za Hill na Burton zikawa zinainua majengo mapya, na mfumo wa mafunzo ya ubingwa ukapanuka haraka kuliko vyuo. Hospitali zikatangaza nafasi za madaktari wa mafunzo zilizowazidi wahitimu wa nchi kwa maelfu.

Tarehe 27 Januari 1948 ikaja sheria ya Smith na Mundt, iliyoweka utaratibu wa mgeni wa kubadilishana. Shabaha yake ilikuwa vita baridi. Marekani ilitaka wasomi wa dunia waione kwa macho yao, wakae nayo, kisha warudi kwao wakiisifu. Mdhamini aliyeidhinishwa ndiye aliyemleta mgeni, na hospitali nazo ziliruhusiwa kuwa wadhamini. Miaka minne baadaye, mwaka 1952, sheria ya McCarran na Walter ilihifadhi mgawo wa wahamiaji kwa asili ya taifa, na nchi za Asia zikapewa mgawo wa kawaida wa watu 100 tu kwa mwaka. Kwa hiyo daktari wa Manila aliyetaka kufika Chicago alikuwa na mlango wa uhamiaji uliofungwa kwa komeo, na pembeni yake mlango wa mgeni ulio wazi. Alipita palipo wazi. Nani asingepita?

Hapa ndipo kauli yetu ya mgeni na jembe inapopindika. Kwetu mgeni hukirimiwa siku mbili, na ya tatu hupewa jembe. Akishika jembe amekuwa wa nyumbani. Hospitali za Marekani zilimpa mgeni jembe siku ya kwanza. Alikesha zamu za usiku, alishona majeraha ya dharura, aliwahudumia wagonjwa wasio na fedha katika hospitali za miji mikubwa. Sheria nayo ilimtazama kwa muda wote huo kama mgeni wa siku mbili. Hali hiyo ilizaa malalamiko ya namna mbili ndani ya mwaka mmoja. Serikali ililalamika kwamba wageni hawarudi, na tarehe 4 Juni 1956 Bunge likaweka sharti ambalo bado linatawala maisha ya madaktari hao: mgeni wa kubadilishana akimaliza programu, hatapata ukaazi wa kudumu mpaka akae nje ya Marekani angalau miaka 2. Mabaraza ya taaluma yalilalamika kwamba hayajui wageni hao wamesomea nini na wapi. Mwaka huohuo wa 1956 kikaundwa chombo cha kukagua vyeti vyao, kitakachojulikana kwa herufi ECFMG, ambacho leo kina makao Philadelphia. Mtihani wake wa kwanza ulifanyika Machi 1958. Tangu hapo kila daktari aliyesomea nje ana mabwana wawili, wa taaluma na wa uhamiaji, na ridhaa ya mmoja haimfungi mwingine.

Mwaka 1961, tarehe 21 Septemba, sheria ya Fulbright na Hays ilikusanya programu zote za kubadilishana chini ya paa moja na kuipa viza yake herufi J. Miezi isiyotimia mitatu baadaye, tarehe 9 Desemba, Tanganyika ilipata uhuru. Mwalimu Nyerere aliwahi kukumbusha kwamba nchi ilianza na madaktari 12. Ukisoma sharti la miaka 2 mbele ya tarakimu hiyo, halionekani tena kama ukorofi wa ofisi ya uhamiaji. Nchi iliyomsomesha daktari wake wa kumi na tatu ilikuwa na haki ya kumngoja uwanjani. Lakini tukiri pia kwamba sharti hilo halikuandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam. Wageni wengi wa viza hiyo walitoka Asia. Madaktari wa Afrika Mashariki, waliolelewa katika utaratibu wa Makerere chini ya Mwingereza, walielekea London na Edinburgh walipotafuta ubingwa, na njia hiyo ya Uingereza iliendelea kuwa nyepesi kwao hadi mwaka 2006, ilipofutwa ruhusa ya kufanya mafunzo bila kibali cha kazi kwa waliotoka nje ya Ulaya. Kufungwa kwa mlango ule ni sababu mojawapo ya vijana wa leo kuuliza zaidi habari za Marekani.

Miaka ya katikati ya 1960 iliongeza njaa ya hospitali. Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha bima za Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini. Mamilioni waliokuwa wakijitibu kwa subira sasa walikuwa na mlipaji. Oktoba mwaka huohuo, chini ya Sanamu ya Uhuru, alisaini sheria nyingine iliyofuta mgawo wa asili ya taifa na kuwapa kipaumbele wenye taaluma. Daktari wa India au Ufilipino aliweza sasa kuhamia moja kwa moja. Kisha Aprili 1970 Bunge lililegeza sharti la miaka 2 lenyewe: likabaki kwa aliyegharimiwa na serikali, au aliye na ujuzi ulioorodheshwa kuwa adimu nchini kwao. Wengi wa waliokuja kwa J wakabadilisha hadhi wakiwa humohumo ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 takriban theluthi moja ya madaktari wa mafunzo katika hospitali za Marekani walikuwa wamesomea nje. Mgeni alikuwa amezoea, na mwenyeji pia.

Ndipo likaja pigo la 1976. Tarehe 12 Oktoba ya mwaka huo ilitiwa saini sheria ya msaada wa elimu ya fani za afya, na ndani yake Bunge likatamka kwamba Marekani haina tena upungufu wa madaktari. Tamko lenyewe lilikuwa na mantiki: serikali ilikuwa imemwaga fedha kupanua vyuo tangu miaka ya 1960, na wahitimu wa nyumbani walikuwa njiani. Masharti yaliyofuata tamko hilo yalikuwa mazito. Kuanzia tarehe 10 Januari 1977 daktari aliyesomea nje alitakiwa kufaulu mtihani maalumu wa viza unaolingana na ule wa Wamarekani. Muda wa J ulifupishwa kuwa miaka 2, na wa tatu kwa nadra, muda usiotosha kumfanya mtu daktari wa upasuaji. Njia ya viza ya kazi, H, ilizibwa kwa mafunzo ya kutibu wagonjwa. Na sharti la kurudi nyumbani, ambalo 1970 lilikuwa limelegezwa, lilifungwa upya kwa madaktari wote wa mafunzo ya kitabibu, awe amegharimiwa na serikali au na mfuko wa baba yake, ujuzi wake uwe kwenye orodha au usiwe. Tofauti na wageni wengine, daktari alinyimwa hata njia ya kuombewa msamaha kwa barua ya serikali yake kwamba haina pingamizi.

Sheria hiyo iliongeza karatasi mbili ambazo mwandishi wa makala hii huziona kuwa kiini cha historia nzima. Kwanza, serikali ya nchi anakotoka daktari iandike kwamba ujuzi anaokwenda kuutafuta unahitajika kwao. Pili, daktari mwenyewe ale kiapo cha maandishi kwamba akimaliza atarudi. Kabla ya hapo kurudi lilikuwa sharti la sheria. Sasa likawa ahadi ya mtu na ya taifa lake, yenye mhuri. Hospitali za umma, hasa za New York, zilipiga kelele kwamba wodi zitafungwa. Bunge likaziruhusu kwa miaka kadhaa kuomba nafuu kwa hoja kwamba huduma zitavurugika. Angalia basi: nchi iliyotamka kwamba haina upungufu ilitoa, ndani ya sheria ileile, nafuu kwa hospitali zisizoweza kuishi bila wageni.

Miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya hofu ya wingi. Kamati ya kitaifa ya wataalamu, GMENAC, ilitabiri mwaka 1980 kwamba ifikapo 1990 Marekani itakuwa na ziada ya madaktari 70,000, na ifikapo 2000 ziada ya 145,000. Ziada hiyo haikuonekana vijijini kamwe. Hata hivyo, mwishoni mwa 1981 Bunge lilikiri kosa moja la 1976 na kurefusha muda wa J hadi miaka 7, ambao ndio uliopo mpaka leo. Miaka 7 inatosha mafunzo ya magonjwa ya ndani ambayo ni miaka 3, kisha ubobezi wa moyo wa miaka mingine 3. Pia inatosha kuoa, kuzaa, na mtoto kufika darasa la kwanza akizungumza Kiingereza cha Ohio. Waliotunga sheria walihesabu kozi. Maisha yanayokwenda sambamba na kozi hawakuyahesabu, na hapo ndipo ugumu wa kiapo cha kurudi ulipozidi.

Muongo wa 1990 ulizifungua tena njia, si moja bali mbili. Sheria ya uhamiaji ya 1990 na marekebisho ya Desemba 1991 ziliruhusu tena viza ya kazi, sasa ikiitwa H-1B, kwa daktari aliyefaulu mitihani yote inayohitajika. Viza hiyo haina kiapo cha kurudi. Ina ukomo wa kawaida wa miaka 6, na hospitali ndiyo inayobeba gharama na maombi. Tangu hapo mhitimu wa Muhimbili au wa Chuo Kikuu cha Nairobi ana uchaguzi ambao kaka zake wa 1980 hawakuwa nao. J ni rahisi kwa hospitali, kwa kuwa ECFMG ndiyo mdhamini na ndiyo inayoshughulikia makaratasi. Mke au mume anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi. Lakini nyuma yake kuna ile miaka 2. H-1B haina miaka 2, ila inadai hatua ya tatu ya mtihani wa leseni ya udaktari, USMLE, kabla ya kuanza, mwenzi wa ndoa kwa kawaida hapati kazi, na hospitali nyingi hazitaki hata kuisikia. Uchaguzi upo, ingawa mara nyingi hospitali ndiyo inayochagua.

Njia ya pili ilitoka mahali ambapo wengi wasingepatazamia: North Dakota, jimbo la ngano na baridi kali. Seneta wake, Kent Conrad, alifanikisha mwaka 1994 kifungu kinachoruhusu idara ya afya ya kila jimbo kuwaombea msamaha wa miaka 2 madaktari 20 kwa mwaka. Sharti ni kwamba daktari aingie mkataba wa kufanya kazi miaka 3, saa 40 kwa wiki, katika eneo lililotangazwa kuwa na upungufu, na aanze ndani ya siku 90 baada ya kupata msamaha. Idadi ilipanda kuwa 30 mwaka 2002, na baadaye majimbo yakaruhusiwa kutumia nafasi chache, sasa 10, kwa vituo vilivyo nje ya maeneo hayo lakini vinavyohudumia wakazi wake. Kifungu kiliandikwa kiwe cha muda. Kimeongezewa muda mara nyingi kiasi kwamba kuna madaktari waliomaliza utumishi wao wa miaka 3 chini yake, wakapata uraia, na sasa watoto wao wako vyuoni, huku chenyewe kikiwa bado cha majaribio.

Kwa namna fulani Conrad alirekebisha kauli ya mgeni na jembe. Ni kama alisema: kama tumempa mtu jembe miaka 7, na shamba la North Dakota halina mlimaji, basi alime humu badala ya kurudi. Ni hoja nzuri ukiwa North Dakota. Ukiwa Bujumbura au Lindi unaisoma vingine, maana miaka 2 iliyoahidiwa nyumbani imebadilishwa kwa miaka 3 ya mahali pengine, na serikali iliyoandika barua ya uhitaji haikuulizwa. Nani alaumiwe? Daktari hakuitunga sheria. Nchi zetu nazo mara kadhaa zimewasomesha vijana kisha zikawaacha miezi mingi bila ajira huku zahanati zikikosa mganga. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za uajiri wa kimataifa wa wahudumu wa afya, zikizihimiza nchi tajiri zisichote kutoka nchi zenye uhaba mkubwa. Kanuni hizo ni za hiari, na za hiari zimebaki.

Baada ya Septemba 2001 usalama ulipewa uzito kuliko uhaba. Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo kwa miaka ilikuwa ikiwaombea msamaha madaktari wa vijijini, ilijitoa mwaka 2002. Nafasi yake zilishika Wizara ya Afya na mamlaka za kanda kama ile ya milima ya Appalachia na ya bonde la Mississippi. Wizara ya Mambo ya Nje, iliyokuwa imekabidhiwa programu yote Oktoba 1999 baada ya shirika la habari la serikali kuvunjwa, iliendelea kuwa mlinzi wa sharti la miaka 2. Msamaha kwa hoja ya shida kubwa itakayompata mwenzi au mtoto aliye raia wa Marekani ulibaki kwenye sheria, na ule wa hofu ya kuteswa nyumbani pia. Yote miwili ni migumu kuthibitisha.

Muongo uliopita umeonyesha jinsi mlango unavyoweza kuyumba kwa amri ya siku moja. Januari 2017 amri ya rais ilizuia raia wa nchi 7, Somalia na Sudan zikiwemo, wiki chache tu kabla hospitali hazijafunga orodha za madaktari wa mafunzo wanaoanza Julai. Machi 2020 balozi zilisimamisha huduma za kawaida za viza kwa sababu ya korona. Baada ya siku chache Wizara ya Mambo ya Nje ilitangaza kwamba wahudumu wa afya wenye vibali waombe miadi ya dharura, na waliokwisha kuwamo walihimizwa waongeze muda. Hapakuwa na mjadala mrefu juu ya kiapo cha kurudi mwaka ule. Desemba 2024 orodha ya ujuzi adimu ilifanyiwa marekebisho makubwa, India na China zikaondolewa, na maelfu ya wageni wa fani nyingine wakafunguliwa kutoka sharti la miaka 2. Madaktari wa mafunzo ya kitabibu hawakuguswa. Wao hawafungwi na orodha bali na sheria ya 1976, ambayo iliwatenga na wenzao karibu miaka 50 nyuma.

Mwaka 2025 uliongeza mengine. Mwishoni mwa Mei miadi mipya ya viza za wanafunzi na wageni wa kubadilishana ilisimamishwa, ikarejeshwa Juni pamoja na ukaguzi wa kurasa za mitandao ya kijamii. Mwezi huohuo wa Juni tangazo la rais liliziwekea Somalia na Sudan zuio la jumla, na Burundi zuio la sehemu linalogusa viza ya J. Septemba likaja tangazo la malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B kwa walio nje ya nchi, kiasi ambacho hospitali ndogo ya kijijini haiwezi kukifikiria. Kwa hiyo waliokuwa wakiikimbia J kwa kuogopa miaka 2 wanasukumwa kuirudia. Na majimbo, kuanzia Tennessee mwaka 2023, yameanza kutunga sheria za kumpa leseni ya muda daktari aliyesomea nje bila kumlazimisha arudie mafunzo ya ubingwa. Leseni hizo ni za jimbo. Viza ni ya serikali kuu. Wale mabwana wawili wa 1956 bado hawajakaa meza moja.

Kila mwaka ifikapo Machi, majibu ya kupangiwa hospitali yanapotoka, madaktari wachache kutoka kwetu huanza kupanda ngazi za wizara zao za afya, Afya House pale Nairobi au Mtumba pale Dodoma, wakifuatilia barua moja. Ina aya chache. Inasema nchi inauhitaji ujuzi huo, na mhusika amejifunga kurudi kuutumia. Julai tarehe 1 inakaribia, na afisa mwenye mhuri yuko kwenye mkutano. Mwombaji anakaa kwenye benchi la korido, anangoja.